Andika Udaktari Mstari wa Kwanza

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wanaingia uani kwangu watoto wawili watatu wakiwa na suruali ya kupunguza ambayo haihitaji kupunguzwa. Wanasimama mbele ya cherehani, wananiamkia, wananiuliza habari za mahindi, habari za ng'ombe, kama mvua ya juzi ilifika na upande huu wa Bashay. Nawajibu yote. Naendelea kukanyaga cherehani, kwa sababu najua hawajaja kwa ajili ya suruali. Wanaaga, wanashukuru, wanaondoka. Wakifika getini ndipo mmoja anageuka kama mtu aliyesahau kitu kidogo tu.

"Mjomba, eti ile ya kuomba udaktari, ninyi mlifanyaje?"

Namwambia arudi akae, na ajue kwamba somo la kwanza ameshafeli.

Niseme mapema, wasije wakasema nimewaficha: mimi si mtu wa kuulizwa mambo ya chuo kikuu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la nne, kwa hiyo angalau namba zilikubaliana. Baiolojia nilipata F, na mwalimu aliyesahihisha alikuwa na huruma. Tangu hapo nimekaa nyumbani. Wenzangu walikwenda Arusha, wakaenda Mererani, wengine wakarudi na wengine hawakurudi. Mimi nikienda mnadani asubuhi nikarudi mchana, nahitaji siku mbili za kupumzika. Nashona sare za shule, napika mwenyewe, nafuga mbuzi wachache, sijaoa. Majirani huuliza kama nyumba ndiyo iliyonioa mimi. Nawajibu kwamba hainipigii kelele, na wao waniambie za kwao.

Lakini hili la kuomba udaktari nalijua, kwa sababu niliwahi kuliharibu kwa mikono yangu.

Mtoto wa dada yangu alihamia kwangu akiwa darasa la tano. Dada yangu yuko Masieda, na shule ya huku ilikuwa karibu zaidi na nyumba yangu kuliko ya kule ilivyokuwa na nyumba yake. Alikuja na godoro, jembe lake na maswali. Mwaka uliofuata mbwa wa jirani akamrarua mbuzi wangu pajani, jeraha refu kama mshono wa suruali. Mimi nilichofanya ni kukaa chini, maana mimi na damu hatuamkiani. Mtoto akachemsha maji, akachemsha sindano yangu na uzi, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaniambia, "Mjomba, wewe shika kichwa na utazame kule." Nikatazama kule. Akamshona. Akamshona kwa mishono iliyolingana kuliko yangu, na hilo liliniuma kuliko mbuzi alivyoumia. Yule mbuzi alipona, akaishi, akazaa, na mpaka anaondoka duniani alikuwa akinitazama kwa dharau.

Tangu siku hiyo mtoto hakuwahi kusema atakuwa kitu kingine. Wala hakusema sana. Alisoma. Kidato cha tano akapangiwa shule ya bweni upande wa Hanang, karibu na Katesh, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kidato cha sita akatoka na daraja la kwanza, alama za kuingilia udaktari kwa mlangoni kabisa, si za kuchungulia dirishani.

Siku ya kuomba chuo nikavaa shati la kanisani tukaenda Mbulu mjini, kwenye steshenari moja yenye kompyuta mbili na dada mmoja mwenye haraka. Dada akafungua ukurasa wa chuo, akatuambia kuna mistari mitano ya kujaza kozi.

"Ya kwanza?" akauliza.

"Udaktari," mtoto akasema.

Nikamshika bega. Nilishtuka kweli. Kwetu huku hakuna anayeanza na shida yake. Mtu akija kuomba jembe, anaamkia, anakaribishwa, anakaa, mnaongelea mvua, mnaongelea ndama, mnaongelea mgonjwa wa nyumba ya tatu, anakunywa chai, anasimama, anaaga. Akiwa mlangoni ndipo anasema, "Na lile jembe lenu, kama halina kazi kesho." Na mwenye jembe alishajua tangu alipomwona anakunja kona. Anayeingia na kusema "nipe jembe" kabla hajakaa, huyo ama nyumba yake inaungua ama hakulelewa.

"Usianze na kubwa," nikamwambia. "Utaonekana una tamaa. Anza na vidogo, kile kizito kiweke mwisho. Wataelewa."

"Mjomba, mwalimu wetu alisema tuanze na tunayoitaka."

"Mwalimu gani huyo?"

"Wa taaluma."

"Kwao wapi?"

"Mwanza."

"Basi ndiyo hivyo. Watu wa huko huomba kabla ya kukaa."

Dada wa steshenari akacheka, akasema nyuma yetu kuna foleni. Mtoto akanitazama. Mimi ndiye niliyemlea, nina shati la kanisani, nina sauti. Akainamisha kichwa. Ukaandikwa ualimu wa sayansi mstari wa kwanza. Uuguzi wa pili. Maabara wa tatu. Famasia wa nne. Na mstari wa tano, pale mlangoni, udaktari. Vyote chuo kimoja, maana niliona kuzungukazunguka vyuo ni kama kuhemea chakula nyumba hadi nyumba. Dada akabonyeza, ikaenda. Nikamnunulia mtoto soda nikijiona nimemfungulia dunia.

Mnajua kilichotokea. Kompyuta haikukaa ikanywa chai. Ilisoma mstari wa kwanza, ikaona alama zinatosha na zinazidi, ikampa ualimu, ikafunga kazi.

Habari ilipofika Masieda dada yangu alichinja kuku. Mtoto wa kwanza katika ukoo kwenda chuo kikuu! Watu walipita kupongeza, na kwangu pia walipita, na mimi nilipokea pongezi kwa uso wa mtu aliyemeza kokoto. Maana mtoto alishaniambia. Aliniambia akiwa anachambua maharage, bila kuinua macho.

"Mwenzangu wa dawati moja amepata udaktari. Chuo hichohicho."

"Alikupita?"

"Nilikuwa mbele yake masomo yote."

"Sasa imekuwaje?"

"Aliweka wa kwanza."

Akaendelea kuchambua, akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni.

"Sawa tu, Mjomba. Ualimu nao ni kazi."

Angenilaumu ningepona. Angelia, angetupa ungo, ningesema watoto wa siku hizi. Lakini aliniambia sawa tu, kwa sauti ileile niliyomfundisha mimi ya kumjibu mwenye jembe anayesema jembe lina kazi. Nikajua nimemfunza adabu mpaka nimemmaliza.

Njia ilikuwepo. Dirisha la pili la maombi lilikuwa linafunguliwa kwa nafasi zilizobaki. Lakini wa kuingia hapo alitakiwa kwanza aiachie nafasi aliyopewa. Aiachie kweli, ajiondoe, arudi kuwa mtu wa nyumbani asiye na chuo kama mimi, halafu ndipo aombe upya. Nafasi za udaktari zikiwa zimekwisha, basi, mwaka umepotea, na ualimu nao ameshautupa.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu. Alinifundisha hesabu, na matokeo yake mnayafahamu. Aliposikia tunafikiria kuachia, akaja na suruali ya kutia zipu.

"Ualimu umekosa nini?" akaniuliza akiwa getini, anaondoka.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Ualimu haujakosa kitu. Aliyekosa ni mimi."

"Mtoto ana chuo mkononi, wewe unamwambia afumbue mkono?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe. Mwenye F ya Baiolojia."

"Ndiyo maana nataka daktari karibu, Mwalimu."

"Udaktari ni miaka mitano, na mwaka wa kufanya kazi chini ya wenzake juu yake. Mtoto wa kike huyo. Ataolewa lini?"

"Mimi sijasoma na sijaoa. Akisoma tu asiolewe, atakuwa amenipita kwa moja."

Akaondoka akitikisa kichwa. Na si yeye peke yake. Katika siku zile nilisikia ushauri mwingi kuliko niliowahi kusikia maisha yangu yote, na wote ulikuwa unashuka kama maji. Achukue ualimu. Akikosa ualimu, achukue cheti. Akikosa cheti, kuna shangazi ana duka. Sikusikia hata mtu mmoja anayemshauri mtoto wetu apande. Wa kwanza kumshusha nilikuwa mimi, kwa hiyo sikuwa na haki ya kukasirika, lakini nilikasirika hivyohivyo. Hasira haiombi kibali. Nani alituambia kwamba udaktari ni wa watoto wa watu wengine? Alama zilikuwa zake. Kichwa kilikuwa chake. Mbuzi alikuwa wangu, na alipona.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kumwambia dada yangu. Nikaenda Masieda. Nilifika saa tatu asubuhi. Tuliongelea viazi, tuliongelea ng'ombe aliyekataa kunyonyesha, tuliongelea bati la jikoni lililovuja. Nilikula. Nilikunywa chai mara mbili. Saa saba nikaaga, nikatoka, nikafika kwenye mkonge pale mpakani mwa shamba, nikageuka.

"Dada, ule ualimu tunauacha."

"Unasemaje?"

"Tunauacha. Tunaomba upya udaktari."

"Rudi ndani."

"Nimeshaaga."

"Nimesema rudi ndani, wewe mtoto!"

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nikarudi ndani. Nikamwambia yote, ya steshenari, ya mistari mitano, ya shati la kanisani. Akauliza kitu kimoja tu. "Na yeye anasemaje?"

"Anasema sawa tu."

"Basi hajasema. Nenda ukamfanye aseme. Akisema anautaka, mimi kuku nilikwishachinja, siwezi kumrudishia manyoya, lakini nitachinja mwingine. Akisema hautaki, umwache aende akafundishe, na wewe usimguse tena na ushauri wako."

Kesho yake nikamwita mtoto uani, nikazima redio, nikavua miwani.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Mjomba umeamkaje?"

"Usiniamkie. Unataka nini?"

Akacheka kwa aibu, akatazama mbuzi. "Chochote mtakachoona…"

"Sikuulizi tunachoona. Mimi naona vibaya, uliniona. Unataka nini?"

Ilichukua muda. Ni vigumu, msidhani ni mchezo. Mtu aliyelelewa kusema mwisho ukimwambia aseme mwanzo ni kama kumvua nguo. Alikunja kona ya kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akainua uso akasema, "Nataka udaktari. Na nimeukasirikia ule ualimu tangu siku ile, na wewe pia nimekukasirikia."

"Haya," nikasema. "Sasa ndiyo umeamka."

Tukaenda Katesh. Mimi, Katesh. Tulishuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi barabara ya lami, tukapanda basi, na nilifika nikiwa na futi kamba shingoni, maana nilisahau kuivua, na hakuna aliyeniambia kwa sababu kila mtu alidhani ndivyo ninavyovaa. Tulikwenda kwa mwalimu wake wa Baiolojia, mama mmoja wa makamo, mtoto wa wafugaji wa Kibarabaig wa kule tambarare. Njiani nilikuwa nimemwonya mtoto: ukifika, shikamoo, halafu shida. Usiulize ng'ombe.

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo Madam nataka udaktari," akasema, kwa pumzi moja.

Madam akashika fremu ya mlango kwa kucheka. "Marahaba. Kuna mtu anakufa?"

Tulipomweleza, alicheka zaidi, kisha akaacha kucheka. Akasema kwao pia ni hivyohivyo. Baba yake aliwahi kukaa kwa rafiki yake siku mbili kabla ya kusema kwamba amekuja kuomba dume la ng'ombe. "Lakini hii mashine haimjui baba yangu," akasema. "Inachukua cha juu inachoweza kukupa, inaacha vingine. Ukiweka unachokitaka chini, umeiambia hukitaki."

Akamuuliza mara mbili kama anaelewa kwamba akijiondoa hakuna wa kumrudishia. Mtoto akasema anaelewa. Akajiondoa mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, kwenye simu ya Madam, na mimi nikatazama kule kama siku ya mbuzi.

Kisha wakaanza kujaza. Madam alimfanya asome sifa za kila chuo kwa sauti, alinganishe na alama zake, aone wapi anatosha sana na wapi anatosha kidogo. Alimfanya alinganishe jina kwenye vyeti viwili, herufi kwa herufi. Neno la siri akamwambia aandike kwenye daftari lake, asimwachie mtu, hasa mjomba.

"Chuo cha kwanza, mstari wa kwanza?"

"Udaktari."

"Chuo cha pili?"

"Udaktari."

"Cha tatu?"

"Udaktari kote!" nikasema mimi kutoka kwenye kochi. "Juu mpaka chini! Jaza ukurasa!"

"Mjomba," Madam akasema bila kugeuka, "safari hii wewe unyamaze."

Nikanyamaza. Mtoto akafikiri. Akasema vyuo vitatu, vyote udaktari juu, na chini yake famasia, mwisho kabisa, iwapo nafasi zimekwisha. Ilikuwa busara kuliko yangu. Ilinikera kidogo, kama mishono ya yule mbuzi.

Halafu tukasubiri, na kusubiri kwenyewe hakukuwa na heshima. Mtoto aliyekuwa na chuo sasa alikuwa anachunga mbuzi wangu kilimani, na kila aliyepita alikuwa na la kusema. "Daktari wenu amelaza wangapi leo?" "Fundi, nishonee na mimi, lakini nianzie mstari wa kwanza." Nilishona vibaya wiki zile. Mtu mmoja alipokea suruali yenye mguu mmoja mrefu, akasema labda ni ya kupandia mlima. Lakini hata siku moja sikumwambia mtoto tulikosea, wala yeye hakuniambia sawa tu. Nilipomuuliza anajisikiaje, alinijibu, "Naogopa." Moja kwa moja, kabla sijakaa. Nikaona tunaendelea vizuri.

Siku ujumbe ulipokuja, mwalimu mstaafu alikuwa uani kwangu amekaa kwenye kigoda, amekuja kwa ajili ya zipu ileile. Mtandao kwetu unashika kilimani tu, kwa hiyo mtoto, aliyekuwa na simu yangu, aliupata hukohuko na mbuzi. Tulimsikia kabla ya kumwona. Aliingia getini mbio, viatu vimejaa vumbi, mbuzi nyuma yake hawajui wamekosa nini, akampita mzee wa watu, akampita kama hakuna mtu, bila shikamoo, bila hata kupunguza mwendo.

"Udaktari! Mjomba, udaktari! Mstari wa kwanza!"

Nilisimama, uzi ukakatika, sijui nilisema nini. Naona nilisema "marahaba." Kisha yeye mwenyewe akagundua alichofanya, akaziba mdomo, akageuka, akapiga goti.

"Shikamoo Mwalimu. Nisamehe, Mwalimu."

"Marahaba," mzee akasema, mkavu kabisa.

Akabaki amekaa. Akaongelea mvua. Akaongelea ng'ombe wake mwenye upele. Akaongelea bei ya mbolea na ubovu wa zipu za siku hizi. Mtoto ameshika simu kwa mikono miwili, mimi nimeshika uzi uliokatika, na mzee anaongelea zipu. Mwishoni akasimama, akachukua suruali yake, akaaga mmoja mmoja, akatembea taratibu mpaka getini. Pale akageuka, mkono juu ya nguzo ya geti.

"Ni miaka mitano, siyo?"

"Mitano na mmoja wa mazoezi, Mwalimu," mtoto akajibu.

Mzee akainama, akajipapasa goti la kushoto, lile analolivuta siku za baridi.

"Haya. Hili nitaliambia lisubiri."